Imechoka ya Jioni na Imechoka ya Kingo

Vijana wa maabara mmeniomba niandike kitu kabla sijasahau. Nimecheka, kwa sababu mtu aliyestaafu juzi hasahau chochote. Bado naamka saa ile ile ya kazi, natazama mawingu upande wa ziwa na kujiuliza kama kuna aliyekumbuka kufuta vipima mwanga. Halafu inanijia kwamba si kazi yangu tena, najifunika shuka na kulala upya. Hamjui utamu wa usingizi huo wa pili. Mtaujua siku yenu ikifika, na msiwe na haraka nayo.

Habari za vyeo sitaziandika. Vingine nilivipata, vingine vilinipita njiani, na mshahara mnaujua kwa sababu ndio huo huo mnaopewa. Nitaandika jinsi nilivyoanza, nani alinifundisha, na jinsi neno moja ambalo sote tulilisema kila siku bila kulifikiria lilivyokaribia kufunga chumba baridi cha Mama Syprose.

Nilikuja Kisumu kutoka Murang'a nikiwa na cheti cha umeme na sweta mbili nzito ambazo sijawahi kuzihitaji hadi leo. Uwanja wetu wa kupimia paneli za sola ulikuwa karibu na maji, na fundi mkuu alikuwa Mzee Barasa. Alikuwa mtu wa Kakamega aliyeishi Kaloleni hapa mjini miaka mingi mpaka Kijaluo chake kikawashinda baadhi ya Wajaluo wenyewe. Siku yangu ya kwanza alinipa ndoo na kitambaa.

"Mzee, mimi nilikuja kufanya kazi ya umeme," nikamwambia.

Akanionyesha mavi ya ndege juu ya kioo. "Umeme iko hapa chini. Toa hiyo kwanza."

Nikaosha. Niliosha siku nyingi kabla hajaniruhusu kushika mita. Nilimnunia sana, na nilimwita majina kwa Kikuyu nikidhani haelewi. Alikuwa anaelewa. Siku aliyonipa mita alinijibu kwa Kikuyu, na tangu hapo tukawa marafiki. Wenzetu wakanipa jina la Nyar Murang'a, binti wa Murang'a, nalo likanikaa kuliko la ubatizo.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ililetwa na wadudu wa ziwani. Mliokulia hapa mnawajua, wale wanaoinuka majini kama moshi na kuingia hadi kwenye chai. Asubuhi moja kompyuta ilituambia kwamba paneli zetu kuukuu zimepata nguvu mpya, tena nyingi. Mkubwa wetu wa wakati huo alifurahi mno, akaanza kuandaa taarifa ya kupeleka Nairobi. Mzee Barasa alipanda ngazi, akaenda kwenye kipima mwanga, kile kikombe kidogo cha kioo kinachotuambia jua ni kali kiasi gani, akakifuta kwa kidole gumba. Kilikuwa kimefunikwa na wadudu. Kompyuta ilidhani jua ni hafifu, kwa hiyo ikashangaa paneli zinapata wapi nguvu.

"Ujana imeisha," akasema, akashuka.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja la kazi: kabla hamjaiamini wala kuilaumu paneli, mshukuni kwanza anayeipima. Ningelikumbuka hilo vizuri zaidi baadaye, tusingepata hofu tuliyoipata.

Lile neno pia lilitoka kwa Mzee Barasa. Wakati huo tulikuwa na paneli za silikoni peke yake, na silikoni huzeeka polepole, bila vituko. Akipima moja na kuikuta imeshuka chini ya kiwango, aligonga kioo kwa kucha na kusema, "Hii imechoka." Alisema kama watu wanavyosema kiatu kimechoka au gari limechoka. Maana yake ilijulikana: ishushwe, haina kurudi. Nasi tulipoanza kuingiza hali za paneli kwenye kompyuta, tukaingiza neno hilo hilo. Paneli nzima iliitwa nzima, na iliyoisha iliitwa imechoka. Programu ikisikia imechoka, ilifunga habari za paneli ile na kuacha kusoma vipimo vyake. Ilikuwa sawa kabisa. Nani ana muda wa kusoma vipimo vya kiatu kilichokwisha?

Mzee Barasa akastaafu, akarudi kwao kufuga ng'ombe, na zikaja paneli za perovskiti.

Nyinyi mmeanza kazi na perovskiti, hamwezi kujua zilivyotushangaza. Silikoni inataka tanuri na kiwanda. Perovskiti ni myeyusho unaopakwa juu ya kioo kama rangi, ukikauka unafanya fuwele nyembamba ajabu, na fuwele hizo zinatoa umeme vizuri sana. Lakini zina deko. Zinachukia unyevu, zinachukia joto, zinachukia hewa, na zikipewa jua, ambalo ndilo kazi yao, nalo zinalilalamikia. Tulizileta ufuoni kwa ziwa, mahali penye vyote vinne, kwa sababu tulitaka kujua zitavumilia nini. Hata kuzipima ilikuwa kubembelezana. Ukipandisha volti kutoka chini kwenda juu unapata jibu moja, ukishusha kutoka juu kwenda chini unapata jingine.

Tena kuna hili. Ndani ya perovskiti kuna chembe zenye chaji ambazo hazitulii. Mwanga ukizipiga mchana kutwa, hutoka mahali pake na kusongamana, na nguvu ya paneli hushuka. Giza likiingia, nyingi hurudi polepole zilikotoka. Hayo tulikuwa tumeyasoma sote. Wengine tulikuwa hata tumeyafanyia mtihani na kupita.

Wakati huo ndipo Atieno alipojiunga nasi, mtu wa Sondu, amerudi kutoka masomoni na shahada ya udaktari, si ule wa hospitali. Kazi yake ilikuwa modeli, yaani hesabu inayojifunza kutokana na vipimo vya nyuma kisha inakwambia paneli ipi itaisha, na lini. Ufuoni walisikia anaitwa Daktari, wakaanza kumletea migongo na macho. Alikuwa anawasikiliza wote kwa heshima, halafu anawaelekeza zahanati. Nilimpenda kwa hilo kabla sijaelewa hesabu zake.

Paneli za majaribio, pamoja na mtambo wa kurekodi vipimo vyake, tuliziweka juu ya chumba baridi cha kikundi cha akina mama wa samaki, kwenye ufuo mmoja nje ya mji, ziwe ndizo zinazokiendesha. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Syprose, mjane, mwenye sauti inayofika ng'ambo ya maji. Kabla ya chumba kile, wanunuzi walikuwa wanakuja na kukaa kivulini tu, wanangoja. Wanajua jua likipanda samaki watalegea, na mama atakubali bei yoyote. Chumba baridi kiliwapa akina mama neno ambalo hawakuwa nalo, neno la kumwambia mnunuzi, "Basi rudi kesho." Niliwahi kumsikia Mama Syprose akilisema mara ya kwanza. Alilisema kisha akageuka kutazama wenzake, kama mtu asiyeamini kwamba limetoka kinywani mwake.

Mimi ndiye niliyemshawishi akubali paneli zetu. Naye ndiye aliyewashawishi wenzake, na wengine hawakutaka.

"Mama Njeri," aliniambia, maana Njeri ni binti yangu, "hii kitu yenu ikiniaibisha mbele ya wamama, nitakuja kukaa kwako Migosi. Mimi na samaki."

Tulikuwa tunaenda huko mimi, Atieno na Okumu, fundi wetu ambaye pia ndiye dereva. Lazima niseme ukweli kuhusu ratiba. Asubuhi tulikuwa na kazi za uwanjani mjini, na zaidi ya hayo, ufuoni kulikuwa na chakula cha mchana. Samaki aliyetoka majini, ugali, mboga chungu. Hakuna mtu mwenye akili angefika baada ya chakula hicho kwisha, na hakuna ambaye angepanda paa kabla ya kukila. Kwa hiyo tulikula kwanza, halafu Okumu akapanda na mita yake, jua likiwa limeinama, naye akawa anaita kutoka juu, mimi naingiza kwenye kompyuta.

"Hii nzima. Hii nzima. Hii hapa, Mama, imechoka."

Imechoka, nikaandika.

Safari iliyofuata zilikuwa zimeongezeka. Iliyofuata, zaidi. Modeli ya Atieno ikazisoma, ikajifunza, na ikaanza kutabiri kwamba paneli zote za pale zitakuwa zimeisha kabla ya mvua za masika. Wafadhili wetu walipoona utabiri huo wakaandika kwamba watakuja Ijumaa, majaribio yafungwe, kila kitu kishushwe. Kwa hesabu yetu wenyewe walikuwa na haki.

Siku hizo nilikuwa silali vizuri. Nilimwona Mama Syprose kila nikifumba macho, amesimama mbele ya wale waliokataa tangu mwanzo. Nilishika simu mara nyingi nimpigie kabla hajasikia kwa mtu mwingine, na kila mara nikaiweka chini.

"Daktari," nikamwambia Atieno, "modeli yako haiwezi kuwa imekosea?"

Naye alikuwa na uchungu kama mimi. "Mama, modeli haina ubaya na mtu. Inasema tu ile kitu tuliiambia."

Tukakubaliana angalau tushushe paneli moja, tujue imekufa na nini. Okumu aliita kazi hiyo kupasua maiti. Akachagua ile iliyokuwa ya kwanza kuitwa imechoka, akaizungusha blanketi mbili isipasuke barabarani, akailaza nyuma ya gari. Tulirudi mjini maabara imeshafungwa, kwa hiyo tukaiacha stoo ikiwa imefunikwa hivyo hivyo, kila mtu akaenda kwake.

Asubuhi tuliipeleka chumba cha giza. Mnakijua, kile kisicho na dirisha, chenye mapazia meusi mlangoni na harufu ya popo. Kazi ya mle ni kinyume cha kazi ya paneli. Badala ya kuipa mwanga itoe umeme, unaipa umeme itoe mwanga, mwanga hafifu ambao jicho haliuoni lakini kamera yetu inauona. Palipo hai panang'aa, palipokufa panabaki peusi. Nilikuwa nimejiandaa kuona weusi mtupu. Nilikuwa hata nimeshapanga maneno ya kumwambia Mama Syprose.

Picha ikatokea kwenye skrini. Ilikuwa inang'aa yote. Kutoka pembe hadi pembe, hakuna doa.

"Mmeleta ingine," Atieno akasema.

"Ni yenyewe," Okumu akasema. "Mimi ndio nilishusha kwa hii mikono."

Tukaitoa, tukaiweka chini ya taa ya kupimia. Ilikuwa nzima. Tukaiacha chini ya taa ile ile tukiipima tena na tena, na ilipofika alasiri ilikuwa imeshuka chini ya kiwango mbele ya macho yetu.

"Sasa nani alisema hii imekufa?" Atieno akauliza.

"Hakuna mtu alisema imekufa," Okumu akamjibu. "Tulisema imechoka."

"Si ni kitu moja?"

"Daktari, hata mimi saa hii nimechoka. Kwani nimekufa?"

Atieno akaketi juu ya kreti na kufunika uso kwa mikono. Nikadhani analia, nikamshika bega. Alikuwa anacheka. Nami nikaanza, Okumu naye akafuata, na mlinzi wa mlangoni akachungulia kuona tumepatwa na nini. Sijawahi kucheka vile kazini. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeambiwa kwamba matokeo ya hospitali yalikuwa ya jirani.

Mambo yalikuwa wazi baada ya hapo. Neno la Mzee Barasa lilikuwa sawa kwa silikoni, ambayo ikichoka imechoka. Tukalihamishia perovskiti bila kuliuliza swali. Tulikuwa tunapima baada ya samaki, wakati paneli zimepigwa jua siku nzima, na Okumu alisema kweli kwamba zimechoka, na mimi nikaandika kweli, na programu ikaelewa kifo na kufunga habari zao. Kila asubuhi zilikuwa zinaamka zina nguvu, na mtambo wa juu ya paa ulikuwa unarekodi hivyo, ila hakuna aliyekuwa anasoma tena. Atieno alipozirudisha zile rekodi kwenye modeli, asubuhi zote zilikuwa mle. Mbovu kweli zilikuwa chache tu, zile zilizokuwa zimeingiwa na maji pembeni na kingo zake kugeuka manjano. Manjano hayo ni fuwele iliyovunjika. Hiyo hairudi hata uifunike blanketi mwaka mzima.

Nilitoka nje nikampigia Mama Syprose.

"Mama, nilikuwa nikupigie kukuambia tunafunga chumba."

Upande wa pili nilisikia mawimbi na mtu akipiga maboksi.

"Na sasa?"

"Sasa hatufungi."

"Wewe Nyar Murang'a!" Nilitoa simu sikioni. "Si ungeanza na hiyo?"

Ijumaa wafadhili wakaja. Atieno aliwaambia lazima wafike mapema, na wakafika wamenuna kidogo, kwa sababu nao walikuwa wamesikia habari za chakula cha mchana. Wakaona paneli zao asubuhi, zikiwa zimepumzika. Akawaacha wapate chakula, akawarudisha juu ya paa alasiri, wakaziona zimeshuka. Halafu akawaonyesha modeli mpya inavyotofautisha. Zenye manjano zilishushwa, nyingine zikabaki, na chumba kikabaki. Usiku ule nililala kama mtoto aliyenyonya.

Tangu siku hiyo hatukusema tena imechoka peke yake. Tukawa na imechoka ya jioni, ambayo inapewa giza na kuachwa, na imechoka ya kingo, ambayo inashushwa. Najua mnayacheka maneno haya na mngependa yenye heshima zaidi. Chekeni, lakini mwendelee kuyatumia, na mpime asubuhi na alasiri hata kama samaki ameshaiva. Na iliyoshushwa isitupwe hovyo, ndani yake mna risasi, madini yenye sumu. Haigeuzwi meza ya kuanikia omena, wale dagaa wetu wa ziwani. Nawaambia kwa sababu niliwahi kuikuta moja karibu igeuzwe.

Maneno hayo yalitoka maabara yakafika ufuoni. Mama Syprose akaanza kuyatumia kwa watu. Nyonga yake ilikuwa imechoka ya jioni. Mnunuzi mmoja msumbufu alikuwa amechoka ya kingo.

Baada ya miaka kadhaa paneli zile zilizobaki nazo zilifika mwisho wa kweli, kama kila kitu. Safari hii modeli ilituambia mapema, kingo zikiwa bado ndiyo kwanza zinaanza kubadilika. Nilimpigia Mama Syprose nikampa habari mbaya, na niliweza kuitoa kwa sauti tulivu, kwa sababu paneli mpya zilikuwa tayari stoo. Tulibadilisha zote na chumba hakikupata joto. Hakuna samaki aliyeharibika, na hakuna mama aliyeuza kwa bei ya kivulini. Nikiulizwa nilifanya nini maisha yangu yote, ningependa kujibu hilo tu.

Siku ya kuniaga mlinipikia pilau, mkasema maneno mengi mazuri, mengine ya kweli. Mama Syprose alikuja amechelewa, amebeba mbuta mkubwa ndani ya barafu. Akaweka samaki mezani katikati ya hotuba, akanijia moja kwa moja.

"Kwa hivyo wanasema umechoka."

"Nimechoka, Mama."

"Ya jioni ama ya kingo?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikisogeza kitambaa changu cha kichwa nyuma, akanikagua nywele juu ya sikio moja, kisha la pili, kwa makini kama Okumu akiwa juu ya paa.

"Kingo zimekuwa nyeupe," akasema.

"Nyeupe si manjano," nikajitetea.

Akafikiri. Halafu akakirudisha kitambaa mahali pake na kukifunga vizuri. "Hiyo ni kweli. Hii ni ya jioni. Okumu, mpeleke nyumbani umfunike, apewe giza."

Okumu alinifikisha Migosi jua likiwa bado kali. Nikafunga mapazia yote mchana kweupe, nikazima simu, nikalala. Nilipoamka ilikuwa asubuhi, nami nilikuwa mzima.